Uwezo wa Kukaribisha

Katika mji wa Mwanza, ambako nyumba zimepanda juu ya majabali na kujibana baina ya jabali na jabali, tangu Bugando hata Isamilo na tangu Mabatini hata Kirumba, intaneti aghalabu huingia nyumbani kwa mlango mmoja mwembamba: simu ya mzazi iliyotiwa bando, au modemu ndogo iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta, au, kwa wale waliojaliwa zaidi, waya wa mkongo uliofikishwa mpaka ukutani. Wahitaji waliomo ndani ya nyumba hiyo ni wengi kuliko mlango wenyewe, kwa kuwa mwanafunzi ataka kusoma, mchuuzi wa dagaa ataka kujua bei ya Dar es Salaam kabla hajapakia magunia yake pale soko la Mwaloni, na bibi ataka kumwona mjukuu wake aliye Muscat. Kinachotakiwa basi ni chombo cha kukipokea kile kilichoingia na kukigawa hewani kwa wote, na chombo hicho huuzwa madukani kwa jina la ruta. Lakini nyumba nyingi ambazo hazina ruta zina kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kwa mtumba, imara bado, ambayo imesukumwa pembeni kwa kuwa wenyewe wamehamia kwenye simu; na kijana aliyejifunza habari za mfumo endeshi wa Linux huitazama kompyuta hiyo akaona ya kuwa haipungukiwi na kitu cha kuizuia isiwe ruta, na zaidi ya ruta, ila kadi ya waifai.

Hapo ndipo anapolikuta jambo ambalo boksi la kadi halimwelezi. Kadi ya waifai ni redio ndogo, nayo yaweza kukaa hewani kwa hali mbili zilizo mbalimbali. Katika hali ya kwanza ni mgeni: husikiliza, hutambua jina la mtandao uliopo, hubisha hodi kwa neno la siri, na ikikubaliwa hupokea inachopewa. Katika hali ya pili ni mwenyeji: yenyewe ndiyo hutangaza jina, ndiyo hupokea wabisha hodi, ndiyo huwagawia funguo. Kadi zote zinazouzwa hujua ugeni. Uenyeji hujulikana na baadhi tu, na tofauti hiyo haionekani kwa macho, wala haisikiki kwa bei, wala haiandikwi mahali ambapo mnunuzi wa kawaida angeweza kuisoma.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda, nami naliona kuwa si dogo, ingawa linahusu kipande cha madini na plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mtu aliyenunua kadi ya ugeni tu amenunua haki ya kuingia katika nyumba za wengine. Mtu aliyenunua kadi ya uenyeji amenunua na haki ya kufungua nyumba yake. Bei ni moja, rangi ni moja, na pengine hata jina lililochapwa juu ya boksi ni lile lile.

Ili msomaji asidhani ya kuwa uenyeji ni swichi tu ambayo muundaji kwa uchoyo wake amekataa kuiweka, yafaa aelezwe kazi yenyewe ilivyo. Mwenyeji hutangaza uwepo wake takriban mara kumi kila sekunde, mchana na usiku, awepo asikiaye au asiwepo, na tangazo hilo huchukua jina la mtandao, kasi anazozijua, na aina ya ulinzi anaoutaka. Kila pakiti inayomfikia salama sharti aijibu kwa ishara fupi ya kukiri kupokea, na jibu hilo, katika masafa ya gigahezi 2.4, hutakiwa lianze baada ya muda wa sehemu kumi tu za milioni moja ya sekunde. Likichelewa, aliyetuma hudhani mzigo wake umepotea naye huutuma tena. Juu ya hayo, simu zetu hulala mara kwa mara ili kuhifadhi betri, na wakati zimelala mwenyeji ndiye huzishikia amana: huziwekea pakiti zao, kisha katika tangazo lake lifuatalo hutaja ni nani mwenye mzigo unaomngoja, ili aamke na kuuchukua. Kompyuta iliyoshughulika na mambo mengine, hata ikiwa hodari namna gani, haiwezi kutegemewa kujibu kwa muda mfupi kiasi hicho, kwa hiyo kazi za haraka sharti zifanywe na chipu yenyewe ndani ya kadi, na zile zinazostahimili kungoja, kama kumhakiki mgeni na kumbadilishia funguo, huachiwa programu iliyo katika kompyuta. Uenyeji, kwa hivyo, ni mapatano ya watu watatu: aliyeiunda chipu, aliyeiandika draiva inayoiendesha chipu hiyo, na aliyeiandika programu inayowasimamia wageni. Mmoja wao akijitoa, mapatano huvunjika.

Historia ya mapatano hayo ni fupi kwa miaka, nayo yastahili kusimuliwa kwa taadhima. Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi FCC, iliruhusu vipande kadhaa vya masafa, kimojawapo kikiwa kile cha gigahezi 2.4, vitumiwe kwa mawasiliano ya redio za namna fulani bila ya kila mtumiaji kuomba leseni yake peke yake. Vipande hivyo vilihesabiwa kuwa vya thamani ndogo, kwa sababu vilikuwa vimekwisha kuachiwa vyombo vya viwandani na majumbani, majiko ya maikrowevu yakiwa miongoni mwao. Wahandisi wa kampuni ya NCR huko Nieuwegein, Uholanzi, walikuwa katika watu wa mwanzo kutengeneza kadi za biashara kwa ruhusa hiyo, na mmoja wao, Victor Hayes, aliiongoza kamati iliyotunga kanuni ya pamoja, ambayo ilitoka mwaka 1997 ikiwa na kasi ya megabiti mbili kwa sekunde; miaka miwili baadaye kasi ikapandishwa kufika megabiti 11. Tangu hapo kadi ya muundaji mmoja iliweza kusema na kadi ya muundaji mwingine. Lakini kanuni hiyo, iliyoeleza kwa dhahiri mwenyeji afanye nini na mgeni afanye nini, haikumlazimisha muundaji yeyote kuuza kadi inayojua yote mawili. Wafanyabiashara wakaona faida katika kuyatenga: kadi ya ugeni kwa bei nafuu, na sanduku la uenyeji kwa bei ya juu.

Miongoni mwa waliouziba ufa huo mwanzoni kwa watumiaji wa Linux alikuwa mtaalamu wa Finland, Jouni Malinen. Aliziona chipu za jamii ya Prism, zilizotengenezwa na kampuni ya Intersil, kuwa zina hali fulani ambamo zenyewe hushughulikia mambo ya haraka, yaani matangazo na majibu ya kukiri, na kuiachia kompyuta mengine yote. Akaandika draiva aliyoiita Host AP, iliyoifanya kadi ya kawaida ya Prism kuwa mwenyeji kamili ndani ya kompyuta ya kawaida. Kutokana na kazi yake hiyo ilikua programu ya hostapd, ambayo hata leo ndiyo inayosimamia wageni katika ruta zisizo na idadi duniani, na ambayo kijana wa Nyakato, hapa hapa Mwanza, huipakua bure, akaiandikia mistari michache ya maelekezo, na kuanza kazi. Sidhani kama wengi wa wanaoitumia wamewahi kulisikia jina la mwandishi wake, nami naona ni insafu litajwe hapa pwani ya ziwa letu.

Habari za chipu za Atheros zilikuwa na mabishano zaidi. Chipu hizo zilikuwa bora kwa uenyeji, lakini sehemu ya programu iliyozitawala ilitolewa ikiwa imefungwa, yaani mtu aweza kuiendesha bila ya kuisoma, na sababu kubwa iliyosemwa ilikuwa hofu ya serikali: redio hizo zilitawaliwa kwa programu, na ikiwa mtu ataweza kuibadili programu ataweza pia kuitumia redio katika masafa asiyoruhusiwa. Siidharau hofu hiyo, kwa maana masafa ni mali ya umma, na anayeyavamia huwadhulumu wengine, wakiwemo wanaoongoza ndege na wanaopima mvua. Lakini dawa iliyotumiwa ilikuwa ya kuwafunga mikono watu wengi wema kwa ajili ya wachache waovu. Mjerumani Reyk Floeter, akifanya kazi kwa ajili ya mfumo wa OpenBSD, aliichunguza tabia ya chipu hizo kwa nje na kuandika badala ya ile sehemu iliyofungwa. Wanasheria wakakaa kuchunguza kama msimbo wa namna hiyo waweza kutumiwa kwa halali na watu wa Linux. Na hatimaye, mwaka 2008, kampuni yenyewe ikatoa hadharani draiva ya ath9k, msimbo wake wote wazi, kwa ajili ya chipu zake mpya za wakati huo. Mwaka 2013 ikafuata programu inayokaa ndani ya baadhi ya kadi zake za USB, nayo ikatolewa wazi. Ni kwa sababu ya matendo hayo mawili kadi kuukuu za Atheros hutafutwa hadi sasa na wajuzi wa Mwanza kama zinavyotafutwa na wajuzi wa Berlin.

Haifai pia kupita bila ya kutaja ruta iliyoitwa WRT54G, iliyouzwa na Linksys tangu mwishoni mwa mwaka 2002. Watu waliipekua wakagundua ya kuwa ndani yake mna Linux, ambayo kwa masharti ya leseni yake humlazimu anayeisambaza kuutoa na msimbo pia. Mwaka 2003 msimbo ulitolewa, na mwaka uliofuata ukazaliwa juu ya msimbo huo mradi wa OpenWrt. Hapo yakabainika wazi yale ambayo yangeweza kukisiwa tangu awali, kwamba sanduku linalouzwa kwa jina la ruta ni kompyuta ndogo yenye kadi ya uenyeji. Hakuna pazia jingine baina ya kompyuta ya mezani iliyosukumwa pembeni na kile kisanduku chenye antena.

Mwanza tuliyachelewa mambo hayo, si kwa uvivu, bali kwa sababu ilikuwa bado hakuna cha kugawa. Kabla ya Julai 2009, ambapo mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi hii ilipitia kwenye setilaiti zilizo umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya vichwa vyetu, na neno lililosemwa Mwanza lilihitaji karibu nusu sekunde kwenda na kurudi hata kama anayejibu yuko mtaa wa pili. Bei yake ilikuwa ya kampuni na mashirika. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ng'ambo ya ghuba ya ziwa, mji wa Sengerema ulipata kituo cha mawasiliano cha jamii, kwa juhudi zilizoihusisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, pamoja na mashirika ya kimataifa, na wakulima na walimu wakaona kwa mara ya kwanza kompyuta iliyo mali ya wote. Katika wilaya za Bunda na Serengeti nako, COSTECH na chuo cha KTH cha Stockholm walifanya jaribio la kuipeleka intaneti vijijini. Nalikumbusha hilo kwa sababu watu wa kanda hii wamekwisha kuona, kabla ya wengi, ya kuwa mtandao waweza kuwa kitu ambacho jamii hukijenga na kukisimamia yenyewe. Mkongo wa Taifa ulipotufikia baadaye, na bando za simu zikashuka bei, kilichokuwa kimebaki ni ufundi wa kugawa.

Na ufundi huo kwetu una mtihani wake wa pekee, nao ni mawe. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita kumi na mbili na nusu hivi. Hupita katika mbao na ukuta mwembamba wa tofali kwa kupungua kidogo. Likikutana na jabali la matale lenye unene wa nyumba nzima, halipiti. Nyumba za Isamilo na Bugando zina vyumba ambavyo ukuta wake mmoja ni mlima wenyewe, na waliozijenga walishukuru kupata ukuta wa bure, bila ya kujua ya kuwa wajukuu wao watakaa nyuma yake wakitafuta ishara. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi na msongamano mdogo, lakini wimbi lake ni fupi zaidi na huchoka upesi zaidi penye vizuizi, kwa hiyo mwenyeji wa milimani ataona mara nyingi ya kuwa yale ya zamani, ya 2.4, ndiyo yanayomfaa. Dawa ya jabali si nguvu. Dawa ni mahali: kadi iwekwe panapoonana na mlango au dirisha, antena iinuliwe kwa waya mfupi, na kompyuta iliyozoea kukaa uvunguni mwa meza ihamishwe. Hili ndilo linaloipa kompyuta ya nyumbani fadhila moja juu ya simu inayogawa bando kutoka mfukoni mwa mwenyewe, kwamba mwenyeji huyu ana makao, naye aweza kuchaguliwa mahali pake kwa akili.

Ziwa nalo lina tabia yake. Uso wa maji huyarudisha mawimbi ya redio, na wimbi lililorudishwa hukutana njiani na lile lililokuja moja kwa moja, mara likaliongezea nguvu, mara likaliua. Na kwa kuwa uso wa ziwa hupanda na kushuka, kama ulivyopanda mwaka 2020 hata maji yakaingia katika majumba ya ufukoni, kiungo kilichopimwa vizuri mwezi huu chaweza kulegea mwezi ujao bila ya mtu kukigusa. Anayetaka kuvuka ghuba kwa redio hana budi kulijua hilo. Anayetaka kufika sebuleni tu atasamehewa.

Mpwa wangu anakaa Nyakato, na ndiye aliyenifanya niyafikiri haya yote. Alikuwa na kompyuta ya mezani, alikuwa na modemu, akaenda mjini akanunua kadi ya USB ndogo kuliko kifundo cha kidole. Boksi lake liliitaja kasi kwa tarakimu kubwa, likachora ramani ya dunia, likaandika majina ya mifumo endeshi, lakini chipu haikutajwa. Aliichomeka, kompyuta ikaitambua, akafungua dirisha jeusi la amri na kuandika iw list, amri ambayo huiuliza draiva ya kadi itaje hali inazozijua. Orodha ikatoka, akaisoma kwa kidole kutoka juu hata chini.

"Mjomba, haimo," akasema.

"Haimo nini, baba?"

"AP. Ingekuwa inajua kukaribisha, ingejitaja hapa. Hii inajua kubisha hodi tu."

Nilimwambia airudishe dukani. Akanijibu, kwa adabu, kuwa muuzaji hakumdanganya, kwani alimuuliza kama inafanya kazi na Linux naye akajibu kweli kuwa inafanya. Kosa lilikuwa katika swali, na swali sahihi hakuna aliyewahi kumfundisha muuzaji wala mnunuzi. Nilipofuatilia zaidi nilijifunza jambo lililonisikitisha kuliko hilo. Katika biashara ya kadi hizi hutokea muundaji akaibadilisha chipu iliyomo ndani na kuliacha jina la nje lile lile, akaongeza alama ndogo tu ya toleo pembeni. Kwa hivyo mtu aweza kusifiwa kadi na rafiki yake, akanunua yenye jina lilo hilo mwaka mmoja baadaye, na akapata kitu kingine kabisa. Sisemi ya kuwa huo ni wizi. Nasema ya kuwa mnunuzi ananyimwa elimu ya kile anachokinunua, na mwenye kumnyima elimu hiyo anaijua. Wauzaji wa vyakula hushurutishwa kuandika kilichomo ndani ya kopo, na sioni kwa nini muuza redio asiandike chipu iliyomo ndani ya redio, na hali inazozijua, kwa herufi zinazosomeka. Wino utakaotumika hauzidi ule wa ile ramani ya dunia.

Kadi iliyomfaa mpwa wangu ilitoka Makoroboi. Mahali pale mafundi walikuwa wakikata makopo matupu na kuyafanya taa za mafuta ya taa, na mpaka sasa kilichotupwa na mtu mmoja hupatikana pale kimekwisha kuwa chombo cha mwingine. Fundi mmoja alikuwa na kompyuta mpakato zilizokufa, na ndani ya mojawapo kulikuwa na kadi ya Atheros ya zamani. Akaitoa kwa bisibisi, akaiuza pamoja na kibao cha kuipachikia katika tundu la kompyuta ya mezani na nyaya mbili za antena. Ilipoulizwa kwa ile amri fupi, ilitaja hali zake moja baada ya moja, na AP ilikuwamo. Kilichofuata hakikuchukua muda: faili ndogo ya hostapd yenye jina la kadi, jina la mtandao, namba ya chaneli na neno la siri, kisha mistari mingine ya kuigawia kila simu anwani na kuyapitisha maombi yake kwenye modemu. Jirani zake wawili wote walikuwa chaneli ya 6, yeye akakaa ya 11, kwa sababu chaneli za masafa hayo hupandiana, na katika zinazotumika zaidi ni ya 1, ya 6 na ya 11 tu ambazo haziingiliani.

Atauliza mtu mwenye hesabu kama kazi yote hiyo ina faida, na swali lake ni la haki. Kompyuta ya mezani hula umeme mara kadhaa kuliko ruta ya dukani, na mwenye mita ya LUKU huona mwenyewe jinsi uniti zinavyoyeyuka. Umeme ukikatika, kompyuta huzimika na mtandao pamoja nayo. Kwa mtu anayetaka waifai tu, ruta ndogo ni nafuu zaidi, na vibao vidogo vya kompyuta kama Raspberry Pi, ambavyo tangu toleo la tatu la mwaka 2016 vina waifai ya ndani inayojua kukaribisha, hula umeme kidogo mno. Lakini kompyuta ile ile ya Nyakato, mbali ya kugawa mtandao, huwawekea watoto wa nyumba vitabu na masomo yaliyopakuliwa mara moja, wakayasoma wote kwa waifai bila ya kula bando hata kidogo, na hata modemu ikiwa haina salio mwenyeji bado ana cha kuwapa wageni wake. Ruta ya kawaida, salio likiisha, hutangaza jina lake bure.

Uenyeji una wajibu pia, na huo naona unasemwa mara chache. Pakiti zote za wageni hupita mikononi mwa mwenyeji. Siku hizi sehemu kubwa ya mawasiliano husafiri ikiwa imefungwa kwa siri baina ya simu na mahali iendako, lakini mwenyeji angali aweza kujua ni nani aliyeingia, saa ngapi, na alielekea wapi. Ikiwa mpwa wangu anawapa jirani zake neno la siri, na hakika amewapa, maana mtoto wa nyumba ya pili yuko kidato cha nne, basi amepokea amana yao, na haimhalalikii kuwapekua. Tena ana wajibu wa kuwalinda dhidi ya wengine: ulinzi wa kale uitwao WEP ulibainika kuwa dhaifu tangu mwaka 2001, na bado kuna vyombo vya zamani mjini vinavyoutumia, kwa hiyo anayekaribisha atumie WPA2, ulioanza mwaka 2004, au ulio mpya kuliko huo. Na akitamani kuigeuza hisani kuwa biashara, akauzia mtaa intaneti kwa saa, ajue ya kuwa ametoka katika ujirani na kuingia katika Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo humtaka mtoa huduma awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Serikali huingia hata pale ambapo hakuna biashara, kwa njia ambayo wengi hawaijui. Ndani ya Linux kuna orodha ya nchi za dunia na masafa yanayoruhusiwa katika kila nchi, na mwenyeji hutakiwa kujitambulisha kwa herufi mbili za nchi yake. Sisi ni TZ. Kadi isiyojua iko wapi hujizuia, ikashika yale yanayoruhusiwa takriban kila mahali. Katika gigahezi 5 baadhi ya kadi, hasa zile zilizoundwa kwa ajili ya kompyuta mpakato, huwa na amri iliyochomwa ndani yake ya kutoanza kusema kabla hazijamsikia mwingine akisema, na kwa kuwa mwenyeji ndiye anayetakiwa kuanza, kadi kama hizo zaweza kukaribisha katika 2.4 na zikawa mabubu katika 5. Orodha ya iw list huonyesha jambo hilo pia, kwa alama fupi mbele ya kila chaneli inayohusika, lakini sharti mtu ajue kuitazama. Huonyesha vilevile kama kadi moja yaweza kuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja, sifa yenye manufaa makubwa kwa nyumba iliyokatwa na jabali, kwa kuwa chombo cha pili chaweza kusimama penye kona, kikapokea upande huu na kugawa upande ule. Idadi ya wageni nayo ina mpaka wake, na katika baadhi ya kadi za USB mpaka huo ni mdogo, wageni saba hivi, jambo linalotosha familia na lisilotosha darasa.

Maarifa haya yote yamekusanywa na watu waliojaribu kadi moja moja na kuwaambia wenzao, wala hakuna kampuni iliyoyapanga mahali pamoja kwa ajili ya mnunuzi. Mpwa wangu ameanza daftari lake kwa Kiswahili. Kila kadi aliyoigusa, yake au ya rafiki au ya fundi, ameiandika kwa jina la nje, toleo, chipu ya ndani, draiva, kisha kama inakaribisha katika 2.4, kama inakaribisha katika 5, na idadi ya simu zilizounganika kabla haijalemewa. Zisizokaribisha ameziandika pia, kwa uangalifu ule ule. Fundi wa Makoroboi ameomba nakala, na muuzaji aliyemuuzia ile kadi ya kwanza ameomba nakala yake, ili ajue ni zipi za kuagiza Dar es Salaam katika mzigo ujao.